Tupeane uzoefu: mboga za kwenye ndoo na viroba hapa Dar, udongo na mbolea vilikutesa wapi?

Mpangaji wa Juu (Sinza)

Habari za leo wakuu. Mimi ni mpangaji, ghorofa ya tatu, na mwenye nyumba katuachia paa tuanikie nguo. Mwaka juzi nikaona kamba za nguo hazimalizi hata robo ya paa. Nikakusanya ndoo kumi na mbili za rangi, zile za lita 20, nikaapa kwamba nyanya za sokoni basi tena.

Udongo nilinunua kwa jamaa wa kirikuu. Mweusi tii, ukiufinyanga unateleza kama sabuni. Nikafurahi, maana tumekua tunaambiwa udongo mweusi ndio wenye rutuba. Nikapanda nyanya aina ya Tanya, nikamwagilia asubuhi na jioni kama mwendawazimu.

Wiki ya tatu majani ya chini yakaanza kuwa ya njano. Nikaenda duka la pembejeo, kijana akauliza swali moja tu: "Ya njano?" Nikasema ndiyo. Akanifungia mbolea ya Urea kwenye mfuko wa nailoni. Nikapanda juu, nikamwaga konzi moja kila ndoo, karibu na shina ili mmea usihangaike kuitafuta (msinicheke). Siku ya nne miche minne ilikuwa imekauka kama imepitiwa na pasi. Nikarudi dukani, nikauziwa na busta, ile mbolea ya maji ya kupulizia majani.

Aliyeniokoa ni shangazi mmoja wa chumba cha pili, mtu wa Lushoto. Alikuja kuanua nguo akanikuta nimechuchumaa. Hakuuliza habari za mbolea. Aliinua ndoo moja kwa mikono miwili, akaitua, akasema, "Mwanangu, hii imejaa maji." Kisha akaung'oa mche mmoja mbele ya macho yangu. Mizizi ilikuwa ya kahawia, laini, ukiivuta ganda linabaki mkononi na kamba nyembamba inabaki kwenye mmea. Harufu yake mtaro mtupu.

Kumbe ule udongo ulikuwa mfinyanzi wa bondeni. Nilitoboa matundu matatu ya msumari chini ya ndoo, tope likayaziba yote. Mizizi ikikosa hewa haifyonzi naitrojeni (kile chakula cha majani kilichomo kwenye Urea) hata ukiimwagia gunia, na majani yanakuwa ya njano vilevile kama mmea wenye njaa. Mimi nikawa namlisha mtu anayezama.

Siku hizi nachanganya sehemu mbili za udongo, moja ya samadi ya ng'ombe iliyoiva, moja ya makumbi ya nazi yaliyosagwa. Matundu nane ya kidole, ubavuni karibu na kitako, sio chini peke yake. Na kabla ya kumwagilia nainua ndoo kwanza. Ikiwa nzito naiacha.

Haya, karibuni, kila mtu na kilichomkuta. Mwenye busta za kuuza apite kimya kimya.

Mama Vifaranga (Tabata)

Umenikumbusha mbali mdogo wangu. Mimi nafuga kuku wa nyama, kwa hiyo mbolea nilijua ninayo ya bure. Nikatoa takataka za bandani asubuhi, jioni nimeshajaza viroba kumi na tano vya sukuma wiki na chainizi. Ukiinama juu ya kiroba macho yanawasha. Nikasema hiyo ndiyo nguvu yenyewe!

Chainizi haikumaliza wiki. Iliyobaki ikaungua ncha, ikasinyaa. Sukuma wiki ikastahimili, lakini ikadumaa, majani rangi ya ndizi mbivu, miezi miwili kimo kilekile.

Nilikuja kuelewa kwamba mambo mawili yalitokea kwa pamoja. Kile kinachowasha macho ni amonia, ndiyo iliyounguza mizizi. Na bandani kwangu natandika maranda ya fundi seremala. Maranda mabichi yakiwa kwenye udongo, vijidudu vinavyoyaozesha vinachukua naitrojeni yote kwa ajili ya kazi hiyo, mboga inabaki inatazama tu. Kwa hiyo nimeunguza na kunyima chakula kwa mkupuo mmoja.

Sasa hivi narundika, namwagia maji, nafunika kwa turubai kuukuu, nageuza kila baada ya wiki mbili. Naipa miezi mitatu. Nikichomeka mkono katikati pamepoa na harufu ni ya udongo baada ya mvua, hapo ndiyo naita samadi. Bado nikikuta vipande vya maranda vya njano navichekecha nje, narudisha kwenye rundo jipya.

Kidau (Kigamboni)

Wakuu huku kwetu tatizo liko bombani, yaani kisimani. Kisima cha uani kinatoa maji ya chumvi, kuogea tu sabuni haitoi povu. Hoho zangu zilianza kuungua kingo za majani, kahawia kavu kama karatasi iliyochomwa pembeni, huku katikati kijani kizuri. Nikaambiwa ni upungufu wa potasiamu. Nikaweka NPK ya 17-17-17, mbolea ya dukani yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu. Zikazidi.

Siku moja nikaona kwenye midomo ya ndoo kuna ukoko mweupe. Nikaulamba (ndio, niliulamba). Chumvi! Na mbolea ya dukani nayo ni aina ya chumvi, kwa hiyo kila nilipoongeza nilikuwa naongezea mzigo juu ya mzigo. Maji yapo, udongo umelowa, lakini mmea una kiu kwa sababu chumvi inayavuta maji yasiingie kwenye mizizi.

Dawa yangu ilikuwa masika. Nilifunga gata, nikaweka simtanki la lita 1,000, na mvua za mwezi wa nne nikaziacha ziloweshe ndoo hadi maji yakawa yanatoka chini meupe. Kiangazi namwagilia maji ya kununua kwa mmea wa kula tunda, na ya kisima kwa mchicha na matembele, hivyo havideki sana. Kila baada ya wiki mbili nasafisha ndoo moja kwa maji matamu mengi, mara mbili ya ujazo wake. Ni gharama, sikatai.

Kobe Mpole

Kidau, kulamba ukoko wa ndoo ya mbolea umetufundisha kitu kaka, lakini usirudie.

Babu wa Ndimu (Mbezi Beach)

Wajukuu, mimi si wa ndoo, nina uwanja mdogo na mndimu mmoja. Majani machanga yanatoka ya njano karibu meupe, mishipa tu ndiyo ya kijani, kama ramani ya mito. Majani ya zamani mazima kabisa. Nilimwaga Urea, CAN (nayo mbolea ya naitrojeni), hata maziwa yaliyoganda. Hakuna kitu.

Bwana shamba mmoja mstaafu tunayesali naye alikuja, akachukua jembe, akachimba nusu mita. Chini likaanza kugonga jiwe la matumbawe, na juu yake vifusi vya saruji vilivyobaki wakati wa ujenzi. Akaniambia, "Mzee mwenzangu, madini ya chuma yapo humu, lakini chokaa imeyafungia." Alinipa kanuni ambayo nimeishika mpaka leo. Njano ikianzia majani ya chini, makongwe, ujue ni kitu ambacho mmea unaweza kukihamisha, kama naitrojeni au magnesiamu. Mmea unamnyang'anya mzee ili umlishe mtoto. Njano ikianzia majani machanga ya juu, ni kitu kisichohama, kama chuma.

Nilipanda mndimu mwingine kwenye tuta lililoinuliwa, udongo kutoka nje na mboji nyingi. Ule wa zamani naupulizia mbolea ya chuma kwenye majani kila msimu. Unaishi, ila hatupendani.

Mwajuma wa Paa (Kinondoni)

Mimi ngoja niwachekeshe kidogo. Bibi yangu aliniletea mbegu za mgagani kutoka kijijini. Nikasia kwenye beseni bovu, nikaweka dirishani. Ukaota vizuri, majani matano matano kama vidole. Ijumaa jioni mjumbe huyo mlangoni na vijana wawili, amepigiwa simu na jirani kwamba "yule binti wa juu anapanda bangi."

Nilitetemeka, maana kwa sheria za hapa kwetu kulima bangi ni kesi kubwa, huulizwi beseni ngapi. Bahati nzuri yule mjumbe ni mmama mtu mzima. Alichuma jani, akalisugua, akanusa, akacheka hadi akakaa kwenye ngazi. "Jani la bangi lina meno kama msumeno. Hii ni mboga, nimekua naichemsha na karanga." Akaondoka na fungu moja.

Kwa hiyo uzoefu wangu kwenye udongo ni mdogo, ila mgagani hausumbui: mchanga na samadi kidogo, jua kali, basi. Ukiuzidishia mbolea majani yanakuwa mapana lakini mabua yanalala.

Fundi Bomba (Mbagala)

Samahani nawakatisha. Nyanya zangu zina afya, majani kijani iliyokolea mpaka inakaribia bluu, kimo kinanifika kifuani, lakini maua yanadondoka yote. Nimeweka CAN kila wiki. Nyanya hata moja hakuna. Nimekosea wapi?

Bwana Jembe

Fundi, umesema mwenyewe: CAN kila wiki. Naitrojeni ikizidi mmea unajenga majani, unasahau kuzaa. Acha kabisa kwa mwezi mzima. Halafu niulize, maua yalianza lini?

Fundi Bomba (Mbagala)

Mwezi wa kwanza mwishoni mkuu. Sasa hivi ndio yanapukutika.

Bwana Jembe

Basi kuna la pili, na hilo halina mbolea. Hapa Dar Januari hadi Machi hata usiku joto linacheza kwenye nyuzi 25. Chavua ya nyanya inadhoofika, ua halishiki, linaanguka. Watu wengi wanaishia kumaliza hela dukani kwa tatizo la kalenda. Sia mbegu mwezi wa nne, kitalu ukikinge na mvua, hamishia wa tano, maua yaje wa sita wakati kipupwe kimeingia. Utaona tofauti bila kununua kitu. Ukitaka kitu cha joto hili panda bamia au nyanya chungu.

Na kwa wote: kipimo ni kisoda, sio konzi. Kifuniko cha soda kinabeba gramu 5 hivi, na hicho ni cha shina la shambani. Kwa ndoo ya lita 20 mimi naweka nusu yake, tena nazungushia pembeni mwa ndoo, kwenye udongo uliokwisha kulowa. Urea ina asilimia 46 ya naitrojeni, haina mchezo.

Shamimu K.

Mimi wa kitako cheusi. Nyanya inaanza kuiva, ukiigeuza chini kuna doa jeusi kama masizi. Niliambiwa ni upungufu wa kalsiamu, nikasaga maganda ya mayai ya mtaa mzima, mpaka muuza chipsi akawa ananiwekea mfuko wangu. Tatizo likaendelea msimu wote.

Kalsiamu inasafiri na maji, na huku kwetu maji yanatoka siku mbili kwa wiki. Kwa hiyo Jumanne na Ijumaa nyanya zinafurika, siku nyingine zinakauka mpaka udongo unaachana na ndoo. Kalsiamu ilikuwepo tangu mwanzo, usafiri ndio haukuwepo. Na maganda yanachukua muda mrefu mno kuoza.

Niliweka chupa ya maji ya lita moja na nusu kila ndoo, nimetoboa kifuniko kwa sindano, nimeifukia kichwa chini, inadondosha taratibu. Juu nikatandaza makuti yaliyochakaa, vidole viwili unene. Mavuno yaliyofuata nilitupa nyanya tatu tu. Yule muuza chipsi bado ananiletea maganda, naona aibu kumwambia.

Mpangaji wa Juu (Sinza)

Shamimu, niletee mimi, nitayatupia kwenye rundo la mboji, haraka sina.

Babu wa Ndimu, hiyo kanuni ya mzee na mtoto nimetoka kuijaribu sasa hivi na tochi ya simu. Ndoo saba zina afya. Moja majani ya chini yana njano katikati ya mishipa, kwa hiyo nashuku magnesiamu, ingawa nimeinua ndoo na ni nzito. Nimeiacha ikauke hadi Jumapili kwanza, nisije nikarudia yale ya konzi. Shangazi ameniona paani usiku na tochi, ameuliza kama ninatafuta mwezi.