Naomba ushauri: gharama ya kufunga pampu ya joto, nyumba ya vyumba vitatu, Uingereza

Habari zenu ndugu zangu. Naomba msaada kwa mliokwisha kufunga pampu ya joto nyumbani, yaani mashine ya umeme inayovuta joto la nje na kupasha nyumba badala ya boila ya gesi.

Niko mji wa Reading, nyumba ya miaka ya 1930, vyumba vitatu vya kulala. Boila ya gesi imechoka na fundi amesema haitafika mbali. Kuta zimeshajazwa sufi ya kuzuia joto lisitoke, darini nako ipo ya kutosha, madirisha ni ya vioo viwili.

Nimepata makadirio mawili, yote baada ya kutoa ruzuku ya serikali ya pauni 7,500. La kwanza pauni 4,200, la pili pauni 8,600. Tofauti hiyo inanitisha. Fundi wa bei ya juu alipima kila chumba, akataka kubadilisha radieta sita (vile vipasha joto vya ukutani) na kuweka tangi jipya la maji ya moto. Wa bei nafuu anasema radieta zilizopo zinatosha, lakini hakupima chochote, aliuliza tu ukubwa wa nyumba. Nimemwomba hesabu za upotevu wa joto, bado hajanitumia.

Hofu yangu kubwa ni bili, maana uniti ya umeme hapa ni karibu mara nne ya gesi, na mama mkwe tunayeishi naye hawezi kabisa baridi.

Je, mliofunga kwenye nyumba kama hii mlilazimika kubadilisha radieta? Na bili ya majira ya baridi ilipanda au ilishuka ukilinganisha na gesi?

Natanguliza shukrani.