KIGOMA: Acheni kuuza Nkungwe kama mlima wa kwenda na kurudi, mnaibia watu!

Wakuu salaam. Hili jambo limenikaa kifuani muda sasa, nimeona niliweke hapa maana kuna tangazo jipya la jamaa walewale waliotuuzia safari sisi linazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya huku Kigoma. Wanatangaza Hifadhi ya Mahale, kuona sokwe pamoja na kufika kilele cha Nkungwe, mlima ulio mule hifadhini, unalala usiku mmoja unarudi mjini. Na watu wanatuma hela!

Niseme bila kuzunguka. Nkungwe kwa usiku mmoja haupandiki, na huyo anayekuuzia anajua fika haupandiki.

Ule mlima una mita 2,462. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita kama 773 juu ya usawa wa bahari na boti inakushusha ufukweni kabisa, kwa hiyo karibu mita 1,700 zote zilizobaki unazipanda kwa miguu yako mwenyewe, mule ndani ya hifadhi hakuna cha gari wala bodaboda, ni boti au miguu basi. Utaratibu uliozoeleka ni siku mbili kupanda na moja kushuka, mnalala katikati, mnalala tena karibu na kilele, na askari mwenye bunduki lazima muwe naye. Hiyo ni siku tatu za mlima peke yake. Bado hujahesabu boti kutoka mjini kwenda kusini zaidi ya kilomita 100, na ziwa likichafuka hakuna mjanja, mnakaa mwaloni mpaka upepo utulie.

Sasa sikieni tulichofanyiwa. Dada yangu na shemeji walikuja na treni kutoka Tabora, shemeji ni mwalimu, ruhusa kaipata kwa mbinde, wamejibana muda mrefu kwa ajili ya hii safari tu. Ratiba tuliyotumiwa imeandikwa wazi "kupanda Nkungwe hadi kileleni" na hela ya kilele tumelipa. Tunafika hifadhini askari anauliza malipo ya kupanda mlima yako wapi, jamaa anaanza kubabaika, mara anampigia bosi wake, mara mtandao unasumbua, kumbe kalipia kiingilio cha saa 24 na kuona sokwe basi, mlima hata hajaugusa! Mahema hayatoshi, wapagazi hakuna, chakula ni mkate na soda. Hivi kweli ulikuwa na nia ya kupandisha watu mlimani na mkate na soda?

Tukatembezwa mpaka kwenye kiinuko kimoja katikati ya msitu, ziwa hulioni, nyasi huzioni, jamaa anasema wengi huwa wanaishia hapa, pigeni picha. Shemeji kamuuliza kwa upole kabisa, kaka, hiki ndo kilele? Akamjibu "si mmeshauona mlima jamani". Yaani mtu mzima anajibiwa hivyo mbele ya mkewe.

Mimi nina hasira kwa sababu kule juu nilishafika miaka ya nyuma, tukiongozwa na mzee mmoja Mtongwe, kabila la wenyeji wa kule, najua walichonyimwa hawa watu. Unaanza na msitu mzito wa bondeni, joto, unyevu, sokwe unawasikia wanapiga kelele upande wa pili wa korongo, halafu kadri unavyopanda miti inapungua, unaingia kwenye mianzi, halafu unatokea kwenye nyasi tupu. Asubuhi zina umande hatari, suruali inaloa mpaka mapajani, ukizishika vibaya zinakuchana vidole, na upepo ni wa baridi huwezi amini uko Kigoma. Ziwa lote liko chini yako, siku hewa ikiwa safi unaona milima ya Kongo ng'ambo. Njia nzima hatukukutana na mtu. Mzee alituambia zamani wazee wao walikuwa wanapanda huko kwa ajili ya mizimu, akatuomba tusipige kelele, na hakuna aliyebisha.

Hawa jamaa wamekuja na spika! Muziki unapigwa kwenye boti mpaka tunashuka, askari ndo kawaambia wazime. Na kuna abiria mwenzetu alikuwa anakohoa tangu mjini, mafua yanamtoka, hakuna aliyemwambia kwamba mgonjwa haruhusiwi kusogelea sokwe. Magonjwa yetu ya kifua yanawaua wale wanyama, ndo maana kuna barakoa, kuna umbali wa kukaa, kuna saa moja tu ya kuwaangalia. Watafiti wa Kijapani wako pale tangu 1965, sheria zile hazikutoka hewani. Askari kamrudisha yule abiria, hela yake imekwenda, na kosa ni la aliyemuuzia safari akanyamaza. Askari wa hifadhi sina neno nao kabisa, wametutendea vizuri.

Na asije mtu hapa kuniambia rahisi ghali. Hatukulipa rahisi. Tulilipa bei ya kilele.

Tangu turudi tunadai hela ya mlima tu, boti na sokwe hatudai kwa sababu tumevipata. Mwanzo alikuwa anasema "kesho bosi", ikaja simu inaita haipokelewi, sasa hivi katublok wote.

Kama umeshatuma hela ya safari inayokuja, usikanyage boti kabla hajakuonyesha risiti ya hifadhi yenye malipo ya kupanda mlima na idadi ya siku. Akikwambia "tutamalizana hukohuko" daini hela zenu hapohapo mwaloni mbele ya watu. Na wewe jamaa najua humu unapitaga, ujumbe wako wote tunao, ratiba tunayo na miamala tunayo, mrudishie mwalimu wa watu hela yake.