KIJANI SIYO DAWA, KUNG'AA SIYO ZINKI: wauza nguzo na nyavu za fensi, acheni kutuibia

Wakuu, heshima kwenu. Mods, naomba msiuunganishe uzi huu na zile za bei za vifaa vya ujenzi, hapa sizungumzii bei.

Kila masika yakiisha malalamiko ni yale yale. Fensi ya nguzo za mbao na paneli za wavu, haina hata miaka miwili, imelalia kwa jirani. Mwenye nyumba analaumu mchwa, fundi analaumu mvua, muuzaji anamlaumu fundi. Hakuna anayetaka kusema wazi kwamba fensi ile ilikuwa imeshakufa kabla haijashushwa kwenye Canter, kwa sababu mteja aliuziwa rangi. Nguzo iliuzwa kwa kuwa ni ya kijani, wavu ukauzwa kwa kuwa unang'aa. Basi.

Nianze na nguzo, wizi mkubwa uko hapo. Nguzo ya mkaratusi iliyotibiwa kweli inaingizwa kwenye tanki, hewa inavutwa, halafu dawa ya shaba, kromiamu na aseniki inasukumwa ndani ya mti kwa presha. Mti lazima uwe umekauka kwanza. Mti mbichi umejaa maji yake wenyewe, dawa itakaa wapi? Kinachofanyika mitaani ni mirunda mibichi kuchovywa kwenye pipa la maji ya kijani, au kupigwa brashi tu, ikaanikwa siku moja kando ya barabara na kuandikiwa kibao "nguzo za dawa". Ikwangue kwa kisu: kijani kinaishia unene wa ukucha. Ikikauka inapasuka, na mchwa anaingilia kwenye ufa moja kwa moja hadi ndani.

Mtihani ni mmoja. Chagua nguzo yoyote kwenye mzigo, ilipie, ikate KATIKATI. Usikubali kuonyeshwa kichwa cha nguzo, maana mti hunywa haraka sana kupitia kichwani, kwa hiyo hata nguzo iliyochovywa itaonekana kijani tupu pale mwishoni. Ukikata katikati utaona pete ya kijani inayozunguka mti wote bila kukatika, unene wake sentimita moja na nusu hadi mbili na nusu, na moyo wa mti ukiwa na rangi yake ya kahawia au waridi. Moyo kukosa dawa siyo kasoro, moyo wa mkaratusi haupokei dawa hata ukiusukuma kwa presha. Kasoro ni pete kuwa nyembamba kama karatasi, au kuwepo upande mmoja na kukosekana mwingine. Muuzaji anayekataa nguzo moja isikatwe wakati unamnunulia arobaini, muache na mzigo wake.

Mafundi nanyi msijifiche. Mteja kalipia nguzo nzuri, halafu mnaichonga iwe ya mraba ili ipendeze. Dawa yote iko kwenye ile pete ya nje mliyoichonga! Mbaya kuliko hapo ni kufupisha nguzo kwa chini, mkauzika ardhini moyo usio na dawa. Nguzo ikizidi urefu inakatwa JUU, kichwa kilichotoka kiwandani ndicho kinakwenda shimoni. Kila mahali palipokatwa na kila tundu la bolti panapakwa dawa ya mbao yenye shaba mara mbili au tatu. Kichwa cha juu kinakatwa mshazari maji yatiririke, au kinavishwa kofia ya bati.

Oili chafu siyo dawa ya mbao. Haiingii ndani, inachafua udongo na kisima, na inaipa mbao hamu ya moto. Na vipande vya nguzo za dawa vinavyobaki MSIVIPELEKE JIKONI. Ile ni aseniki, ukiichoma inabaki kwenye moshi na kwenye jivu. Kuna watu wanawagawia kinamama wa jirani vipande vile kama kuni. Hilo ni kosa kubwa kuliko mengine yote niliyoyataja humu.

Sasa wavu. Geji, yaani namba ya unene wa waya, inafanya kazi kinyume: namba ikipanda, waya unakonda. Geji 8 ni milimita 4, geji 10 ni 3.25, geji 12 ni 2.6, geji 14 ni 2. Muuzaji anakwambia "tofauti ni geji mbili tu bosi". Kutoka geji 12 kwenda 14 umepoteza kama asilimia 40 ya chuma. Nenda na kipimo cha vania, kile cha kubana kitu na kusoma unene wake, pima waya wenyewe. Ukiwa umevalishwa plastiki ya kijani, kwangua plastiki kwanza ndipo upime, maana wengine wanahesabu unene wa plastiki kama chuma. Kwa nyumba ya kawaida chukua matundu ya sentimita 5 kwa 5 au 5 kwa 10, waya wa geji 10 au 8.

Halafu kuna hawa wanaochukua BRC nyeusi, ule wavu wa chuma wa kuimarishia zege, aina ya A142 ya waya wa milimita 6, wanaipulizia rangi ya silva na kuiita paneli ya fensi. Shiti ya mita 4.8 kwa 2.4 ina kilo 25 na ushee, kwa hiyo mteja akiibeba anaona ni imara. Ile imetengenezwa ikae ndani ya zege, zege ndilo linaloilinda na kutu. Ukiiweka nje na rangi juu, kutu inaanzia kwenye maungio ambako rangi haifiki vizuri. Na matundu yake ni sentimita 20 kwa 20, mtoto wa mbuzi anapita bila kuinama.

Zinki ina unene, na unene ndio miaka. Paneli iliyochomelewa kwanza halafu ikachovywa nzima kwenye zinki ya moto (zinki iliyoyeyushwa), kwa waya wa milimita 3 hadi 6, inabeba wastani wa mikroni 70 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Iliyopakwa kwa umeme inaweza kuwa na mikroni 8 au 10. Pwani kwenye upepo wa chumvi, iwe Kigamboni, Mbweni, Tanga, Unguja au Nyali, zinki inaliwa kati ya mikroni 2 na 8 kwa mwaka. Piga hesabu mwenyewe. Hiyo ya mikroni 8, mwaka wa pili au wa tatu unaanza kuona madoa ya chungwa. Dodoma kwenye ukavu itakaa muda mrefu zaidi, na ndiyo maana ushauri wa jamaa wa Dodoma usiubebe hivi hivi ukaupeleka Bagamoyo.

Unazitofautishaje dukani? Sogeza jicho kwenye ungio la waya na waya. Iliyochovywa baada ya kuchomelewa, ungio limefunikwa, kama limemwagiwa kitu kikaganda. Rangi ni ya kijivu iliyofifia, pengine na vitone vilivyoganda kwenye ncha. Iliyotengenezwa kwa waya wenye zinki tayari, pale kwenye ungio kuna alama ya kuungua, doa jeusi dogo. Lile doa halina zinki, kutu itaanzia hapo hapo. Kinachong'aa sana kama kijiko kipya ndicho cha kutilia shaka.

Fundi wa kuchomelea naye akifika site anaunguza zinki kwa moto wake na kuficha kwa rangi ya silva. Silva ni rangi tu. Pale panatakiwa brashi ya waya hadi chuma kionekane, halafu rangi ya zinki, ipakwe mara mbili. Grainda isitumike karibu na paneli zilizosimama, cheche zinang'ang'ania juu ya zinki na kila cheche inakuwa nukta ya kutu.

Kufunga paneli kwenye mbao ndipo ninapokasirika zaidi, maana hapa fundi hana kisingizio cha bei. Anapigilia msumari wa inchi 3 hadi nusu yake, halafu anaupinda kwa nyundo juu ya waya. Nyundo inakwangua zinki, msumari wenyewe hauna zinki, shaba iliyomo kwenye dawa ya mbao inaanza kuula. Miezi michache baadaye unaona mchirizi wa kahawia unashuka kwenye mbao kutoka kila msumari. Paneli inabanwa, haipigiliwi. Inalazwa kwenye fremu ya 2x4 ya paini iliyotibiwa, fito za 1x2 zinakuja juu ya waya, skrubu inapita kwenye fito na kuingia kwenye fremu kila baada ya sentimita 30. Skrubu ziwe zilizochovywa zinki ya moto, au stenlesi kama uko pwani. Kati ya waya na mbao weka ukanda wa DPC, ile plastiki ya kuzuia unyevu. Toboa kwa drili kwanza, fito nyembamba hupasuka. Mbao ya chini isiguse udongo, iache sentimita 5, ili mchwa akitaka kupanda ajenge kile kinjia chake cha udongo mahali unapokiona.

Mashimo. Kwa kawaida nguzo haianzi kuoza juu wala kule chini kabisa. Inaozea usawa wa ardhi, ambako unyevu na hewa vinakutana. Ndiyo maana kumwaga zege kama bakuli chini ya nguzo ni kuiua: mti unasinyaa, nafasi inabaki, maji yanashuka na hayana pa kutokea. Kwa mchanga wa Dar chimba sentimita 90, upana sentimita 30. Kokoto sentimita 15 chini, zishindiliwe. Nguzo isimame juu ya kokoto, zege lizunguke pembeni tu na lisiingie chini yake. Juu zege lipande kidogo kuliko udongo na liwe na mteremko pande zote, likipigwa mwiko vizuri. Timazi pande mbili, tegemeza, iache siku tatu kabla ya kubebeshwa paneli, wiki kama unaweza. Kwenye udongo mgumu unaweza kupunguza kina hadi 75. Nguzo za kona ziwe nene kuliko nyingine na ziwekewe mguu wa mshazari kila upande fensi inakoelekea.

Hesabu ya kiwanja cha mita 20 kwa 30, geti la mita 4 likiwa konani, paneli za mita 2.4. Wengi wanachukua mzunguko wa mita 100, wanatoa geti inabaki 96, wanagawa kwa 2.4 wanapata 40, halafu wanakwama kwenye kona. Kila upande uhesabiwe peke yake: mita 30 ni 13, mita 30 nyingine 13, mita 20 ni 9, na mita 16 zilizobaki upande wa geti ni 7, jumla nafasi 42 kati ya nguzo na nguzo. Nguzo 43 za futi 9, unene wa sentimita 12. Nafasi zigawanywe sawa kwa kila upande na paneli zikatwe, usiache kipande kimoja cha aibu konani. 2x4 vipande 84, fito kama mita 330, skrubu za fito 1,100. Zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) linafika karibu mita za ujazo 2, yaani mifuko 13 ya saruji, weka 14. Fundi akimaliza mashimo yote ya kina hicho kwa mifuko 5, ndani ya mashimo kuna udongo uliopakwa saruji juu.

Geti: nguzo zake ziwe za bomba la chuma. Kama geti lenyewe ni la fremu ya mbao, mbao ya mshazari inaanzia CHINI kwenye bawaba na kupanda JUU kwenye komeo. Ikigeuzwa haibebi chochote, na geti linaburuza ndani ya miezi michache.

NYONGEZA: PM (jumbe za faragha) zimejaa, najibu hapa hapa.

Aliyeuliza kama anaweza kuacha zege kabisa: inawezekana. Kokoto zilizochanganyika na vumbi lake, zimwagwe kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka lishindiliwe kwa mtaimbo hadi mtaimbo uruke. Maji yanatoka vizuri kuliko kwenye zege. Ila kona na geti lazima zege.

Aliyeweka fensi tayari na ana wasiwasi: fukua udongo sentimita 15 kando ya nguzo, kama kuna kola ya zege fanya pale mti unapotokea. Choma kwa bisibisi kwa nguvu. Ikizama kama kwenye muhogo uliooza, nguzo imekwisha hata kama juu inagongeka vizuri. Kagua nguzo za upande wa kibaraza cha bafu na za chini ya bomba kwanza.

Kwa wauzaji mliokuja kunitukana kwamba naharibu biashara: wekeni nguzo moja iliyokatwa katikati mbele ya duka, na kwenye risiti andikeni "waya geji 10, imechovywa zinki ya moto baada ya kuchomelewa". Wanunuzi, kama hataki kuyaandika maneno hayo kwa mkono wake, msitoe hela.