Kwa nini mke aliyekosewa katika tamthilia zetu ana njia mbili tu, kuvumilia au kulipiza kisasi?

Binti wa Mji Kasoro Bahari:

Ndugu zangu, naomba mnisaidie kulifikiri jambo ambalo limekuwa likinisumbua kwa muda mrefu. Kila jioni baada ya chakula mimi na mama yangu huketi kutazama tamthilia, za hapa nyumbani na zile za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili. Mama ana miaka 62. Kila mke anapokosewa na mumewe, mama husema, "Ndoa ni kuvumilia, mwanangu," nami hunyamaza, kwa kuwa hicho ndicho ambacho tamthilia yenyewe imekwisha kukisema.

Nimejaribu kuzihesabu njia ambazo waandishi humpa mke huyo, nami nimeziona mbili. Ama huvumilia, akalia chumbani, akafunga na kuomba, akapika chakula kisicholiwa, hadi mume augue au afilisike ndipo arudi kupiga magoti. Ama hulipiza kisasi kwa kwenda kwa mganga au kutia sumu, na mwisho wake huwa ni jela au wazimu. Katika njia zote mbili adui yake ni mwanamke mwenzake: mchepuko, wifi, mama mkwe, au rafiki aliyemkaribisha nyumbani kwa moyo mweupe. Mwanamume aliyevunja ahadi hukaa katikati akigombewa, wala hakuna anayemwuliza kitu kwa uzito.

Wanawake ninaowafahamu mimi hawaishi hivyo. Jirani yetu alimwita mshenga wake, akamweleza neno kwa neno mbele ya mumewe. Mwenzangu kazini alipeleka shauri lake BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania. Mwingine aliweka hisa kwenye kikoba kwa miaka miwili kabla hajamwambia mumewe kwamba amechoka. Mambo hayo sijayaona kwenye runinga hata mara moja. Hata mshenga, ambaye katika maisha yetu ndiye anayegongewa mlango ndoa inapopata ufa, katika tamthilia huonekana siku ya posa tu, amevaa kanzu na koti, kisha hatumwoni tena.

Je, waandishi hawayajui haya, au wenye vituo hawayataki, au ni sisi watazamaji tunaopenda machozi na sumu?

Mwandishi wa Miswada:

Dada, mimi ni mmoja wa hao unaowauliza, na swali lako limenigusa. Nimeandika tamthilia kwa miaka tisa. Tunayajua hayo uliyoyataja, kwa sababu nasi tuna dada na mashangazi. Ila kazi ya kila siku ina sharti lake: mgogoro usiishe. Kituo kimoja nilichokiandikia kilitaka vipindi vitano kwa wiki. Ukimleta mshenga, akawakalisha wanandoa, akasikiliza, akaamua, ugomvi umekwisha, nawe umebaki na vipindi 40 visivyo na kitu ndani yake. Uvumilivu, kwa mwandishi, una faida kubwa kwa sababu hauna mwisho. Mke anaweza kuvumilia mwaka mzima. Kisasi nacho kina faida yake, kwa kuwa kinazaa kisasi kingine.

Lipo na jambo la sebule, ambalo watazamaji wengi hawalifahamu. Tulikuwa tukirekodi hadi sini 12 kwa siku moja ndani ya nyumba moja ya kukodi, kwa sababu kuhamisha taa, vifaa na watu kwenda sokoni au kwenye ofisi ya kata ni gharama na ni siku nzima iliyopotea. Kwa hiyo mke katika muswada wangu huishi sebuleni, chumbani na jikoni. Ukimwona anauza vitenge, basi ametamka tu kwamba anauza vitenge. Kazi yake haionekani, fedha yake haionekani, na mtu asiyeonekana akifanya kazi ni vigumu kumwandikia uamuzi wa kuondoka, maana mtazamaji atauliza atakula nini. Sheria ya nyumba ya kukodi imeingia hadi kwenye tabia ya mhusika.

Niliwahi kuandika sini ambayo mke anamwuliza mumewe, kwa upole na bila machozi, hati ya kiwanja ina jina la nani. Nilidhani ni sini nzuri kuliko zote nilizopata kuandika. Iliondolewa, nikaambiwa kwamba watazamaji hawataki habari za makaratasi. Katika nafasi yake tuliweka kofi.

Inawezekana kufanya vingine, hilo sitalikana. Siri ya Mtungi, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2012 na kurekodiwa Bagamoyo, ilikuwa na vipindi vichache na nafasi ya kutosha, na ndani yake ndoa ya mpiga picha Cheche na mkewe Cheusi ilitazamwa kutoka pande zote mbili. Lakini ile ilikuwa na wafadhili wa elimu ya afya. Tamthilia inayoishi kwa matangazo ya sabuni na unga haina utulivu huo.

Shangazi wa Tabata:

Mwanangu Mwandishi, nimekusoma na nakuelewa, lakini sikubali kwamba mgogoro hudumu tu pale mwanamke anapokaa sebuleni. Sisi wa zamani tulikuwa na Twende na Wakati, mchezo wa redio ulioanza Radio Tanzania mwaka 1993. Redio haina sebule wala soko. Ina sauti tu. Mkwaju alikuwa dereva wa lori mwenye wanawake njiani, na mkewe Tunu alianza kama wake wote wa michezo hii, mnyonge na mwenye kusubiri. Baadaye akaanzisha biashara yake ndogo na akamwacha Mkwaju. Mkwaju alipougua UKIMWI, ni Tunu aliyemuuguza, tena akiwa mtu mwenye chake, si mke aliyebakizwa na uvumilivu.

Nakumbuka jinsi tulivyobishana kisimani na kwenye daladala. Wapo waliosema Tunu amekosea kuondoka, wapo waliosema amekosea kurudi kumuuguza. Watu walikuwa wakizungumza na waume zao mambo ambayo hayakuwa yakizungumzwa, na watafiti waliofuatilia mchezo ule waliliona jambo hilohilo kuhusu uzazi wa mpango. Walilinganisha na eneo la Dodoma, ambako hadi mwaka 1995 mchezo huo haukuwa ukirushwa. Mchezo ule uliendelea kwa miaka mingi bila kuishiwa na la kusema. Kuondoka kwa Tunu hakukuwa mwisho wa hadithi. Maisha yake baada ya hapo ndiyo yaliyotufanya tuwahi redio.

Baadaye nilipoanza kutazama michezo ya kundi la maigizo la Kaole pale ITV nilifurahi kwamba sasa tunaona nyuso, lakini ndipo pia nilipoanza kuona yale unayoyasema, Binti: mke mwema anateswa, mke mbaya anaadhibiwa, na mimi kama mtazamaji nikiulizwa tu ni yupi kati yao.

Msaidizi wa Kisheria, Dodoma:

Naomba niongeze upande ninaoufahamu, kwa sababu hunijia wanawake ambao wameamini tamthilia kuhusu haki zao, na kuamini huko kumewagharimu.

Kuna sini ambayo sote tumeiona. Mume anasema, "Toka nyumbani kwangu," mke anaondoka usiku na begi moja na watoto, mvua inanyesha, na wimbo wa huzuni unaanza. Wanawake huja ofisini kwetu wakiwa wamefanya hivyohivyo, wakidhani kwamba wakifukuzwa hawana la kudai. Ilhali Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema, katika kifungu cha 59, kwamba nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani na mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Kifungu cha 66 kinasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake. Sheria hiyo ina zaidi ya miaka 50, na bado katika tamthilia kofi la mume huandikwa kama hasira tu, jambo la kuombana radhi kwa zawadi ya kitenge. Sijaona mhusika akitamka kwamba lile ni kosa.

Kifungu cha 101 nacho kinataka mgogoro upelekwe kwanza kwenye baraza la usuluhishi la ndoa kabla ya mtu kuomba talaka mahakamani, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Ndugu Mwandishi, mimi nimeketi kwenye mabaraza hayo. Hakuna mahali penye mvutano kuliko pale. Mume ambaye kwa miaka kumi hajaulizwa kitu anaulizwa na mzee wa rika la baba yake, "Ulilala wapi?" na mke anasikia jibu kwa mara ya kwanza. Wakati mwingine mke anagundua kwamba bado anampenda, na kumpenda huko ndiko kunakomuumiza kuliko yote, kwa sababu alikuja akiwa amejiandaa kuchukia. Sijui ni machozi gani zaidi ya hayo yanayotafutwa.

Mwenye kutaka mkasa asome shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983. Alikuwa mke wa nyumbani, hakuwa na mshahara, na swali lilikuwa kama kupika, kufua na kulea ni mchango katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Majaji walikubali kwamba ni mchango. Tangu siku hiyo wanawake wengi wamepata haki yao kwa uamuzi huo, chini ya kifungu cha 114. Lakini yeye mwenyewe hakupata mgawo zaidi, kwa sababu ya fedha alizokuwa amekwisha kupewa na mumewe na namna alivyozitumia. Mwanamke mmoja akawafungulia wenzake mlango ambao yeye hakupita. Nimewasimulia kisa hicho akina mama katika vijiji vingi, na kila mara kimya kinachofuata ni kizito.

Mkaazi wa Kisauni:

Huku Kenya hali inafanana na hiyo kwa sehemu. Maria, iliyoanza Citizen TV mwaka 2019, ilitufanya tukae nyumbani saa za jioni kwa sababu ya msichana wa mtaa wa mabanda aliyeingia katika nyumba ya matajiri na penzi likamkuta humo. Niliipenda na siioni haya kusema hivyo. Msichana yule alikuwa na ulimi, alikuwa na heshima ya nafsi. Hata hivyo safari yake yote ilielekezwa kwenye swali moja, nalo ni kama ataolewa na Luwi, kijana wa nyumba hiyo. Tumezoea kuiweka harusi mahali pa mlango wa kutokea, ilhali kwa mwanamke ndiyo mlango wa kuingilia.

Kuhusu makaratasi ambayo watazamaji eti hawayataki, nina la kusema. Sheria yetu ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inahesabu kazi za nyumbani, malezi ya watoto na hata usuhuba kuwa mchango. Lakini Januari 2023 Mahakama ya Juu ilieleza kwamba mgawo wa nusu kwa nusu hauji wenyewe, na kila mmoja athibitishe alichochangia. Dada yangu alitumia wiki tatu akitafuta risiti za mabati na saruji za mwaka 2009. Nyingine alizikuta ndani ya kopo la maziwa ya mtoto, wino umefifia, na moja ilikuwa na mwandiko wa mumewe nyuma yake, orodha ya vitu vya kununua kwa ajili ya arubaini ya mtoto wao wa kwanza. Alikaa chini akailia ile orodha. Mwandishi, hayo ndiyo makaratasi uliyoambiwa hayatazamwi.

Mtu wa Ng'ambo, Unguja:

Nawakumbusha kwa heshima kwamba Sheria ya Ndoa mliyoitaja haifanyi kazi Zanzibar. Sisi Waislamu mambo haya tunayapeleka kwa kadhi. Mke ana njia ya khului, arudishe mahari ajitoe, na njia hiyo pia haionekani kwenye tamthilia, ambamo talaka siku zote hutoka kinywani mwa mume tu.

Lakini nataka pia nimtetee kidogo mama yake Binti. Si kila uvumilivu ni unyonge. Bibi yangu alivumilia kwa hesabu. Alijua anachokisubiri na alijua siku atakayoacha kusubiri. Kosa la waandishi, kwa maoni yangu, ni kuuonyesha uvumilivu usio na akili ndani yake, kana kwamba mwanamke anayenyamaza hafikiri. Muonyesheni akinyamaza na kufikiri, nasi tutamtazama.

Binti wa Mji Kasoro Bahari:

Nawashukuru nyote, na wewe Shangazi hasa, kwa habari za Tunu.

Jana jioni, wakati wa matangazo, nilimsomea mama maneno haya, nikafika pale nilipoandika kuhusu mshenga. Akaipunguza runinga sauti. Akaniuliza kama ninamkumbuka Mzee wa Kilosa, yule aliyekuwa akija na mkungu wa ndizi. Nikamwambia namkumbuka, alikuja mara tatu katika mwaka mmoja na alilala sebuleni kwetu. Mama akasema, "Huyo ndiye alikuwa mshenga wangu. Mara ya tatu nilikuwa nimekwisha kufunga mizigo yangu na yako."

Nilikuwa darasa la tatu, na nilidhani amekuja kututembelea.