Kondoo wenye mapacha wanakonda, halafu mimba hazishiki: nikosoeni kwenye lishe

zizi_la_juu
Wakuu, habari. Nina kondoo majike wa kilo 60 hivi, wengi huzaa mapacha. Wanakula nyasi kavu mpaka washibe, na kila mmoja anapata gramu 300 za mahindi yaliyosagwa kwa siku, mwaka mzima. Madini ni jiwe la kulamba la ng'ombe. Wenye mapacha wanabaki mifupa kabla wana hawajafikisha wiki sita. Naachisha wana wakiwa na miezi mitatu, dume anaingia mwezi mmoja baadaye, na karibu theluthi ya majike wanarudi kwenye joto. Niongeze nini, kiasi gani, na lini? Chakula cha ng'ombe wa maziwa kinafaa?

hori_na_mizani
Gramu 300 mwaka mzima ndilo tatizo lenyewe. Jike mkavu (asiyenyonyesha) asiye na mimba hazihitaji kama nyasi ni nzuri. Mwenye mapacha tumboni hazimtoshi, na anayenyonyesha mapacha ni kama hajapewa kitu.

Kabla ya kupima chakula, pima kondoo, na utumie mkono maana sufu inadanganya macho. Bonyeza uti wa mgongo nyuma ya ubavu wa mwisho. Ukihisi ncha za mifupa zimechongoka na vidole vinaingia chini yake bila shida, huyo ana alama ya unono 1 au 2 kati ya 5. Ukilazimika kubonyeza kidogo ndipo uihisi mifupa, na juu ni mviringo, ni 3. Dume amkute jike akiwa kwenye 3 hadi 3.5, wakati wa kuzaa abaki karibu na 3, akinyonyesha asishuke chini ya 2.5.

Alama moja ni kama kilo 6 hadi 8 kwa kondoo wako, na kuirudisha huchukua wiki sita hadi nane za malisho mazuri. Sasa hesabu mwenyewe: jike anaachisha akiwa 2, unampa mwezi mmoja kwa chakula kilekile, atafikaje 3? Tenga waliokonda siku ileile ya kuachisha, walishwe peke yao. Wakichanganyika na wanono, wanono ndio watakaokula.

Kuwaongezea nguvu kabla ya kupandwa kunasaidia: gramu 250 hadi 500 za nafaka kwa siku, kuanzia wiki mbili au tatu kabla ya dume mpaka wiki mbili au tatu baada yake. Mayai yanayopevuka yanaongezeka. Ila faida hiyo inaonekana kwa jike wa 2 hadi 2.5. Aliye 3.5 na zaidi hutaona tofauti, ni chakula kilichopotea.

maziwa_ya_kwanza
Naongezea upande wa mimba na kunyonyesha, ndiko anakokondea.

Mimba ni siku 147 hivi. Mwezi wa kwanza usibadilishe chakula ghafla wala usiwasumbue kwa safari na kukata sufu, kiinitete bado hakijajishikiza vizuri. Usiwajaze nafaka kupita kiasi pia: lishe nyingi mno kipindi hicho hupunguza homoni inayolinda mimba. Kati ya siku ya 30 na ya 90 kondo la nyuma linakua, na jike akikonda sana hapo wana huzaliwa wadogo hata ukija kulisha vizuri mwishoni.

Wiki sita za mwisho ndizo nzito. Karibu asilimia 70 ya uzito wa mwana huongezeka kipindi hicho, na huku tumbo limejaa kiasi kwamba nyasi hazipati nafasi. Kwa wenye mapacha, anza na gramu 200 hadi 300 za mchanganyiko kwa siku, panda polepole mpaka gramu 700 hivi karibu na kuzaa. Sehemu 4 za nafaka kwa 1 ya mashudu ya soya inakupa protini kama asilimia 16. Jike akibaki nyuma ya kundi, akisaga meno, akigonga vitu kama haoni na pumzi ikanuka utamu, sukari ya damu imeshuka na anachoma mafuta ya mwili. Mpe propilini glaikoli (kimiminika cha kupandisha sukari ya damu) mililita 60 mdomoni mara mbili kwa siku, na umwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Upungufu wa kalisiamu unafanana sana na huo, na tiba yake ni sindano, kwa hiyo usikae kukisia.

Akishazaa, maziwa hufika kilele wiki ya tatu au ya nne. Mwenye mapacha wa kilo 60 anahitaji kama kilo 2.4 za chakula kikavu kwa siku, chenye protini asilimia 14 hadi 16. Nyasi kavu za kawaida zina 7 au 8, mahindi kama 9. Hapo hata akila mpaka achoke, protini haifiki, na bila protini hawezi kugeuza mafuta ya mgongo kuwa maziwa ipasavyo. Mpe nyasi kilo 1.3 na mchanganyiko kilo 1.1, sehemu 5 za nafaka kwa 3 za mashudu ya soya (asilimia 22 hivi). Ukiwa na lusina nzuri (majani ya malisho yenye protini nyingi), mashudu unaweza kuyapunguza sana.

Usimpe zaidi ya gramu 500 kwa mlo mmoja. Gawa mara tatu, na ongeza gramu 100 kila baada ya siku tatu, la sivyo tumbo litachachuka, kinyesi kitakuwa uji na ataacha kula. Nafaka nzima ni salama kuliko unga: kondoo anaitafuna vizuri mwenyewe, kusaga ni gharama ya bure. Kila kondoo awe na sentimita 45 za hori. Maji yasikauke, anayenyonyesha anaweza kunywa lita 10 kwa siku.

shaba_ni_sumu
Ndugu, jiwe la ng'ombe liondoe leo. Madini na vyakula vya ng'ombe huwa na shaba nyingi kuliko kondoo anavyovumilia. Inajilimbikiza kwenye ini miezi mingi bila dalili, kisha siku ya msukosuko kidogo inamwagika kwenye damu: macho ya njano, mkojo wa kahawia, kifo. Tafuta madini yaliyoandikwa ni ya kondoo. Kwenye mchanganyiko weka pia chokaa ya mifugo, asilimia 1 hadi 1.5, maana nafaka ina fosforasi nyingi na kalisiamu kidogo.

Halafu hiyo theluthi inayorudi, msiitupie lishe ya majike yote. Mpake dume rangi kifuani ili aache alama kwa kila jike anayempanda, ubadilishe rangi kila baada ya siku 16. Majike wengi wakipakwa tena siku ya 17 hivi, wanono na waliokonda sawasawa, mshuku dume. Wakirudi baada ya wiki nne au tano, mimba ilishika ikatoka. Mbegu za dume huchukua wiki saba kutengenezwa, kwa hiyo aanze kulishwa vizuri miezi miwili kabla, korodani ziwe ngumu na sawa. Dume aliyekomaa apewe majike 35 hadi 40, kijana nusu ya hapo.

zizi_la_juu
Asanteni sana. Dume nitampaka rangi. Swali la mwisho: siku ya kuachisha, hiyo kilo 1.1 ya mchanganyiko naikata vipi bila kuharibu kiwele?

maziwa_ya_kwanza
Kuanzia wiki ya sita punguza taratibu, maziwa yenyewe yanashuka na wana wanakula. Wiki moja kabla ya kuachisha, toa mchanganyiko wote, abaki na nyasi. Siku ya kuachisha ondoa wana wote kwa pamoja, mama abaki zizini kwake, na apewe nyasi za hali ya chini siku tatu hadi tano. Maji usimnyime. Usimkamue ili kupunguza shinikizo, utamchochea atoe zaidi. Kagua kiwele kila siku: kikiwa na joto, kigumu upande mmoja au maziwa yana mabonge, hilo ni suala la daktari. Kikishasinyaa, pima mgongo na umpeleke kundi la waliokonda kama alivyosema hori_na_mizani.