Watoto 52, wauguzi 2 usiku: tunahesabuje wauguzi wanaotosha wodi ya watoto?

sista_busoga

Salaam wote. Ni hospitali ya jumla ya wilaya, upande wa Busoga, Uganda. Wodi ya watoto ina vitanda 30. Malaria ikipanda tunafika watoto 52, wengine wawili kitanda kimoja, wengine chini kwenye mikeka. Kwenye orodha tuko wauguzi 11, wa cheti na wa diploma, mkuu wa wodi akiwemo. Usiku, saa 2 hadi saa 2 asubuhi, wanabaki wawili.

Utawala unasema 11 ni wengi na kwamba shida ni jinsi tunavyopanga zamu. Nataka hesabu ambayo hata mhasibu hataweza kuipinga. Tena, huku tukisubiri watu, ni kazi gani haiguswi kabisa na ipi inaweza kupunguzwa bila kumdhuru mtoto? Na ule uwiano wa wenzetu wa nje, muuguzi mmoja kwa watoto wanne, una maana yoyote kwetu?

Mizani

Sista, nianze na 11, kwa sababu hapo ndipo utawala unapoteleza.

Muuguzi mmoja ana wiki 52 za siku 5, yaani siku 260. Toa likizo ya mwaka 21 (hicho ndicho kiwango cha chini katika Sheria ya Ajira ya 2006, kama kada yako ina zaidi, weka zake), sikukuu 13, ugonjwa 8, mafunzo 5. Zinabaki siku 213. Zidisha kwa saa 8, unapata saa 1,704 kwa mwaka. Wodi haifungwi: mwaka una saa 8,760. Gawanya 8,760 kwa 1,704, jibu ni 5.14. Maana yake, kila nafasi moja inayotakiwa kuwa na muuguzi mchana na usiku inakula watu watano na kidogo.

Sasa mtoe mkuu wa wodi, kwa kuwa dawa za kuagiza, ripoti na vikao havimwachi akae na wagonjwa. Wanabaki 10. Kumi kwa 5.14 ni 1.9. Basi wawili wa usiku hawakutokana na ratiba mbovu. Ukiongeza mmoja usiku umemtoa mchana, na mchana ndiyo kuna raundi ya madaktari. Akienda mmoja likizo ya uzazi, zile siku 60 za kazi, umepoteza zaidi ya robo ya mwaka wake, na mara nyingi hakuna anayeshika nafasi yake.

Hiyo ni nusu ya hesabu: watu ulio nao. Nusu ya pili ni kazi iliyopo. Hapa tumia njia ya Shirika la Afya Duniani inayoitwa WISN, ambayo Wizara ya Afya yetu imewahi kuitumia, kwa hiyo hutaonekana umeleta kitu kigeni. Haihesabu vitanda. Inahesabu kazi na dakika zake. Chukua usiku mmoja wa msimu na uwagawe watoto 52: wekundu 8 (wana degedege, oksijeni, damu au kupoteza fahamu), wa njano 20 (hali ya kati), wa kijani 24 (wenye nafuu). Kisha:

Vipimo (joto, mapigo, pumzi, oksijeni, fahamu): wekundu kila saa 2, njano kila saa 4, kijani kila saa 6. Ni mara 48 + 60 + 48 = 156. Kwa dakika 5 kila mara, dakika 780.
Dawa za mshipa: watoto 28, mara 2 kwa usiku, dakika 10: 560.
Damu: watoto 3, dakika 45 kila mmoja: 135.
Maziwa ya F-75: watoto 4 wenye utapiamlo mkali, mara 6, dakika 10: 240.
Wapya wanaolazwa: 10, dakika 30: 300.

Jumla dakika 2,015, karibu saa 33 na nusu. Muuguzi wa zamu ya saa 12, ukitoa kukabidhiana, kuandika na kupumzika, ana saa 10 na nusu. Wawili wana 21. Kwa hiyo saa 12 na nusu za kazi hazitafanyika usiku huo hata wangekuwa malaika. Mahitaji ni 3.2. Mimi ningeandika 4, maana humo sijaweka mtoto anayeacha kupumua saa 9 usiku akawachukua wote wawili kwa nusu saa. Nafasi 4 za mchana na usiku ni watu 21, mkuu wa wodi mbali.

Dakika hizo usizinakili kwangu. Shika saa ya mkononi, pima kila kazi mara 10 kwenye wodi yako, andika wastani. Mhasibu atauliza namba zimetoka wapi.

Kuhusu uwiano: chama cha wauguzi cha Uingereza, RCN, kiliandika 2013 muuguzi 1 kwa watoto 3 walio chini ya miaka 2, na 1 kwa 4 waliozidi hapo. California imeweka 1 kwa 4 kisheria. Kwa watoto 52 hiyo ni wauguzi 13 kwa zamu. Ukiingia na 13 ofisini, mazungumzo yamekufa kabla ya chai. Taja mara moja kuonyesha umbali, kisha rudi kwenye dakika zako.

ZamuYaUsiku

Mizani kamaliza hesabu. Naongeza kitu ambacho kwenye karatasi hakionekani: dakika 5 za vipimo ni kama kila muuguzi ana kipimajoto na mashine yake ya kupima oksijeni ya kidole. Wodi nyingi zina moja, inazunguka, betri imelala, au imeazimwa wodi ya wazazi haijarudi. Dakika 5 zinakuwa 9. Mara 156, hizo ni saa 10 na dakika 24 za ziada. Karibu muuguzi mzima amepotelea kwenye kutafuta kifaa! Kabla hujaomba watu, omba vifaa. Ni rahisi kupewa, na vikifika namba yako ya watu inakuwa safi.

Sasa yasiyoguswa.

Artesunate, sindano ya malaria kali. Dozi ni saa 0, 12 na 24. Mtoto aliyelazwa saa 10 jioni, dozi ya pili inaangukia saa 10 alfajiri, wakati mko wachache na mmechoka, na ndiyo inayosogezwa "tutampa kwenye raundi". Andika saa za dozi zote tatu kwenye jalada la chati wakati wa kumlaza, si baadaye. Na msichanganye za usiku mzima saa 2 ili kuokoa muda: ikishayeyushwa itumike ndani ya saa moja. Kwa mtoto wa chini ya kilo 20 ni mg 3 kwa kilo. Wa kilo 10 anapata mg 30, sawa na ml 3 kama mmechanganya kwa mshipa (poda ya mg 60, ml 1 ya bikaboneti, kisha ml 5 za maji ya chumvi). Kwa msuli mnaongeza ml 2 tu badala ya 5, basi ujazo unabadilika kuwa ml 1.5. Muuguzi aliyehamishwa jana kutoka wodi ya wazee hukosea hapo hapo.

Dripu. Mtoto wa kilo 10 anahitaji ml 40 kwa saa. Kwa mpira wa matone 20 kwa ml, ni matone 13 kwa dakika. Chupa ya ml 500 ikifunguka bila mtu kuona, mtoto kapata ml 50 kwa kilo. Utafiti wa FEAST uliofanyika Uganda, Kenya na Tanzania, uliotoka 2011, ulionyesha watoto wenye homa kali na dalili za mshtuko waliomwagiwa maji haraka walikufa zaidi: kama asilimia 10.6 ndani ya saa 48, dhidi ya 7.3 ya wasiopewa. Wauguzi wakiwa wachache, msimwamini mrija. Mwageni ya ziada kabla ya kutundika: kwa saa 4 acheni ml 160 tu ndani ya chupa, bandikeni plasta yenye saa ya kuisha. Hata ikikimbia, madhara yana mpaka. Bora zaidi, anayeweza kunywa anyweshwe, dripu itoke. Kila dripu mnayoitoa ni kazi mnayoipunguza.

Damu. Dakika 15 za mwanzo muuguzi hasogei kitandani. Basi msianzishe mbili kwa pamoja, pishaneni nusu saa. Ml 20 kwa kilo, mtoto wa kilo 10 ni ml 200 kwa saa 4, yaani ml 50 kwa saa. Someni pakiti ya mpira kama ni matone 15 au 20, haifanani.

Kinachopungua bila dhara: vipimo vya watoto wa kijani waliolala na wanaokula vizuri (mara moja usiku inatosha kama mchana walikuwa sawa), kubadilisha mashuka, na kuandika habari ileile kwenye rejesta tatu.

Halafu wasogezeni wekundu wote mbele ya meza yenu. Mtoto mwekundu aliyewekwa kona ya mwisho hamtamwona akibadilika.

kijana_wa_Jinja

Mbona hamwahesabu wanafunzi wa uuguzi? Kwenye hospitali nyingi wako 6 au 7 kwa zamu.

ZamuYaUsiku

Kaka, mwanafunzi ana msimamizi, na msimamizi ndiye huyo huyo muuguzi wa zamu. Kumkagulia dozi moja ni dakika 3 juu ya zile 10. Tena wakati wa mitihani wanaondoka wote siku moja, na malaria haina habari na kalenda ya chuo. Wapime, wabebe sampuli, wahesabu pumzi. Kwenye hesabu ya watu waandike sifuri.

karani_wa_wilaya

Upande wa makaratasi, Sista. Tenganisha maneno mawili: nafasi zilizoidhinishwa na nafasi zilizojazwa. Ukiomba waajiriwe wakati nafasi za muundo wako zimejaa, jibu ni hapana hata kama hoja yako ni ya dhahabu. Mwombe afisa rasilimali watu muundo wa hospitali ya jumla uone ngapi ziko wazi. Zikiwepo, unaomba kujaza, na hiyo hupitia Tume ya Utumishi ya Wilaya pamoja na kibali cha mishahara. Hospitali za rufaa za mikoa zinakwenda Tume ya Utumishi wa Afya, msichanganye.

Wakati ni muhimu kuliko barua. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, lakini mezani pa wilaya mambo hupangwa miezi mingi nyuma, karibu Oktoba na Novemba. Barua ya Mei imechelewa kwa mwaka huo.

Kuna jambo ambalo halihitaji pesa: mzunguko wa wodi. Mkuu wa wauguzi akibadilisha watu wote kila baada ya miezi michache, wodi ya watoto inaanza upya kila mara. Omba kwa maandishi kwamba wasihamishwe zaidi ya wawili kwa mara moja, na kila zamu ya usiku awepo mmoja aliyepata mafunzo ya ETAT (kuwatambua na kuwatibu haraka watoto wenye hali ya dharura).

sista_busoga

Asanteni sana. Nimeanza kupima dakika leo. Swali dogo: watoto wachanga wagonjwa 6 wako kwenye chumba kilichopakana na wodi, na ni wale wale wawili wanaowaangalia. Niwaweke kwenye hesabu hiyo hiyo?

Mama_Njiti

Hapana, Sista, hesabu yao ijitegemee. Waingereza hutumia muuguzi 1 kwa mtoto 1 mahututi, 1 kwa 2 wa hali ya kati, 1 kwa 4 wa uangalizi maalumu. Sisi hatuna mashine nyingi, lakini njiti wa kilo 1.4 anakula kila saa 2 au 3 kwa mpira wa puani na anaweza kusahau kupumua wakati wowote. Ukuta kati yenu na yeye ni hatari kuliko idadi. Dirisha la kioo au mlango uliotolewa utawasaidia leo.

Mama afanye haya baada ya kuonyeshwa na kurudia mbele yenu: kumbeba kifuani ngozi kwa ngozi, kukamua maziwa, kushika sirinji ya maziwa yakishuka yenyewe, kuita akiona midomo imegeuka bluu. Kuhakiki mpira uko tumboni kabla ya kulisha kubaki kwenu. Oksijeni asiiguse, kwa mchanga ni nusu lita hadi lita 1 kwa dakika, na mama mwenye hofu atazungusha hadi 5. Bandikeni plasta juu ya kitufe cha mashine.