Nimeuziwa vitufe 61 visivyotoa sauti. Wauza vyombo vya muziki, mnatuonaje sisi wa Mtwara?

Wakuu, nawasalimu. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha, nimekaa nayo tangu Jumamosi.

Nimedunduliza miezi minane ninunue sintesaiza, kinanda cha umeme kinachozalisha sauti chenyewe. Fungu kubwa lilitoka kwenye korosho za shamba la mama kule Nanyamba, malipo ya mnada yalipoingia. Nyingine ni ujira wa kurekodi kwaya na matangazo ya maduka hapa mjini. Ikatimia laki nne na themanini, nikamtumia muuzaji mmoja wa Kariakoo kwa simu, yote kwa mkupuo, kwa sababu alisema bila hela kamili mzigo haupandi basi. Boksi likafika stendi Jumamosi jioni. Nikalichukua kwa bodaboda, nimelikumbatia njia nzima hadi Magomeni, hii yetu ya Mtwara.

Nikafungua. Chombo kipya, vitufe 61, nobu nane, vitaa vinawaka ukikichomeka. Nikakigeuza nyuma kutafuta tundu la waya wa spika. Hakuna. Kuna tundu la USB, kuna tundu la kikanyagio, kuna tundu moja la duara la MIDI, basi. Hata la hedifoni hakuna. Nikawasha tochi ya simu nikakagua pande zote nne, nikaanza upya, mjomba ananiangalia tu. Mjomba wangu alitoka Newala asubuhi ile na marimba yake, nimemwita mwenyewe, nimemwambia leo tunarekodi. Wenzangu wa kusini mnajua mjomba ni nani kwetu. Usimwite mjomba safari ya Newala mpaka Mtwara halafu umkalishe kitandani mbele ya chombo bubu.

Kwa ambaye hajawahi kukutana na jambo hili nieleze. Nilichotumiwa kinaitwa kontrola. Ukibonyeza kitufe, kontrola inatuma amri tu: kitufe fulani kimebonyezwa, kwa nguvu kiasi hiki, sasa kimeachiwa. Amri hizo ndiyo MIDI, ambayo ipo tangu 1983, na MIDI haibebi sauti hata chembe. Lazima upande wa pili kuwe na kitu cha kuipokea na kutoa mlio: kompyuta, simu, au sintesaiza yenyewe. Sintesaiza inazalisha sauti humo humo ndani. Ina osileta inayotoa mlio mbichi, ina filta ya kuukata mlio huo uwe mzito au mwembamba, ina envelopu ya kuamua uingie ghafla kama ngoma au uje polepole kama upepo. Unachomeka spika, unapiga. Kwa macho, hivi vitu viwili vinaweza kufanana kabisa, vyote vina vitufe na nobu. Ndiyo maana anayeviuza ana wajibu wa kusema ukweli, maana anayenunua yuko Mtwara na anaangalia picha ya WhatsApp.

Na mimi sikununua kwa kubahatisha. Mazungumzo ninayo, hayajafutwa. Nilimwandikia: "Kaka, nahitaji sintesaiza, si kinanda cha kwaya wala si cha kuunganisha na kompyuta. Itoe sauti yenyewe, itumie betri, na niweze kupanga noti zake zifuate marimba. Monologue ya Korg unayo, hata iliyotumika?" Akajibu: "Ipo bosi, ila hiyo ina vitufe 25 tu, ya kitoto. Kwa hela hiyo hiyo nakupa sintesaiza ya vitufe 61, mpya kwenye boksi, kazi ya studio." Nikarudia swali, nikaliandika peke yake ili asilipite: inatoa sauti yenyewe? Akaandika: "Sauti zaidi ya elfu moja bosi." Hizo sauti elfu moja nimezikuta. Ni karatasi ndani ya boksi yenye namba ya kupakulia programu ya kompyuta.

Nilipompigia akaniuliza, kwani kompyuta huna?

Hapo ndipo damu iliponichemka. Ninayo laptopu, nzee, na FL Studio, programu ya kutengenezea muziki, ninaitumia kila wiki, siidharau. Nusu ya biti tunazocheza nchi hii zimepikwa humo. Lakini hapa umeme ukikatika laptopu yangu inazima dakika ileile, na kikundi cha sindimba ninachotaka kukifuata kijijini kinacheza uwanjani, jioni, mahali ambapo hakuna soketi. Nilitaka kitu cha betri nikiweke juu ya kigoda kando ya wapiga ngoma. Na nilitaja Monologue kwa sababu maalumu. Noti za marimba ya mjomba hazikupangwa kwa kufuata piano. Ukipiga nayo noti ya kinanda cha kawaida zinasogeleana lakini hazikutani, sikio linaumia. Monologue, iliyotangazwa 2016, inakuruhusu kupanga mizani yako mwenyewe, yaani kila noti ikae juu au chini kiasi gani, kitufe kwa kitufe. Ina sauti moja tu kwa mpigo, ndiyo, huwezi kupiga kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja. Besi chini ya marimba haihitaji kodi! Inahitaji noti moja nene iliyokaa mahali pake. Inatumia betri 6 za AA, na tundu la hedifoni inalo. Kwa kazi yangu vitufe 25 vile vina thamani kuliko hivi 61, na nilimwambia, na akanijibu ya kitoto.

Hili la kupima chombo kwa idadi ya vitufe, kama mtu anayepima kitambaa kwa mita, ndilo linalotumaliza. Naliona kwenye matangazo yao yote. Vitufe 49, vitufe 61, vitufe 88, bei inapanda kwa urefu. Hakuna hata mmoja anayeandika ni noti ngapi zinalia kwa pamoja, wakati hilo ndilo la kwanza kwa mtu anayetaka kupiga kodi. Chukua sintesaiza hizi: Volca Keys ya Korg, ya mwaka 2013, inatoa noti tatu. Minilogue ya 2016 inatoa nne. MicroFreak ya Arturia ya 2019 nayo utaambiwa nne, lakini zote nne zinapita kwenye filta moja, kwa hiyo usitegemee kila noti ifunguke na kujifunga kivyake kama kwenye Minilogue. Reface CS ya Yamaha inatoa nane, vitufe vyake ni 37 vidogo, ina spika zake na inatumia betri, ila haina mahali pa kuhifadhi sauti ulizotengeneza ndani yake. Haya ndiyo mambo ya kumwambia mteja kabla hajatoa hela. Mwenye laki nne hana nafasi ya kukosea mara mbili.

Msinielewe vibaya kuhusu vinanda vya kwaya. Kile chenye midundo tayari na orodha ndefu ya sauti ni chombo halali, kanisani na harusini kinafanya kazi ambayo sintesaiza yangu isingeiweza. Ila zile sauti zimekwishapikwa, unachagua kama unavyochagua soda. Mtu akikuomba sintesaiza anakuomba jiko. Mpe jiko, au mwambie huna. Na kontrola pia ina watu wake. Tena kuna jina moja linaloangusha wengi: MPK Mini ya Akai ni kontrola, haina sauti, lakini MPK Mini Play ina spika na sauti zake ndani. Tofauti ni neno moja mwishoni. Muuzaji akilikata neno hilo kwenye tangazo, mtu wa Masasi au Nachingwea anapoteza msimu mzima wa ufuta.

Si mimi peke yangu. Rafiki yangu wa Lindi, tulisoma pamoja, mwaka juzi aliuziwa sintesaiza ya zamani iliyotumika Japani. Nzuri, nzito, mwili wa chuma. Umeme wa Japani ni volti 100, wetu ni 230, na chombo kile kilikuwa na transfoma yake ndani, waya unaenda ukutani moja kwa moja. Muuzaji alikata plagi ya Kijapani akaweka ya kwetu ya miguu mitatu, akakaa kimya. Rafiki yangu alipoiwasha ikatoa mlio mmoja, kisha harufu. Fundi alipofungua akamwonyesha pale palipoungua. Transfoma ya kushushia umeme ingemwokoa, na maneno matatu ya muuzaji yangemwokoa kwa bei rahisi zaidi. Kubadilisha plagi maana yake alijua.

Hata adapta ni hivyo hivyo. Volca zinauzwa bila adapta, hilo ni la kiwandani, si wizi. Wizi ni muuzaji kukuongezea adapta aliyoiokota dukani na kukwambia inaingia. Kuingia inaingia! Volca inataka volti 9 na chanya iwe katikati, adapta nyingi za vikanyagio vya gitaa ni volti 9 na katikati ni hasi. Mchoro mdogo upo pembeni ya tundu, duara na nukta na alama zake, na mchoro kama huo upo kwenye adapta. Viangalieni vyote viwili kabla ya kuchomeka, hata kama aliyekuuzia ameapa.

Na risiti. Ukubwa wa bei yake muuzaji wangu aliuelezea kwa ushuru na VAT ya asilimia 18. Sawa, kodi nalipa. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, iko wapi? Alinitumia picha ya karatasi aliyoandika kwa kalamu, "keyboard 1". Keyboard! Neno sintesaiza alilokuwa analiimba wiki nzima halimo.

Nasema na wauzaji wote mnaosoma hapa, na najua mpo, maana matangazo yenu yamejaa humu. Mtu wa Dar anaingia dukani kwako, anashika, anasikiliza, haridhiki anavuka barabara duka la pili. Mimi hapa kuja kwako ni kilomita zaidi ya 550 kwenda peke yake. Kwa hiyo neno lako ndilo duka langu. Andika kwenye tangazo: inatoa sauti yenyewe, au haitoi. Piga video fupi umechomeka spika, hakuna kompyuta mezani, unabonyeza kitufe na mlio unasikika. Simu unayo, nusu dakika inatosha. Ukishindwa hilo, tutajua unauza nini.

NYONGEZA, Jumatatu usiku. Nimesoma majibu yenu, asanteni wakuu mlionipa pole.

Mliosema nichomeke kwenye simu kwa waya wa OTG, ule wa kuunganisha vifaa vya USB na simu: nimefanya jana. Inalia, lakini nikibonyeza sauti inakuja kwa kuchelewa, na juu ya marimba inayokimbia kuchelewa kule kunaharibu kila kitu. Mjomba alivumilia mara mbili, ya tatu akaweka marimba chini. Na hata ingelia vizuri, sikulipia simu yangu mwenyewe.

Mliosema "ulipaswa kusoma kwanza": nilisoma, niliuliza, nikauliza tena, nikajibiwa uongo kwa maandishi. Naomba hilo tusilifanye kosa la mnunuzi.

Aliyenikumbusha Sheria ya Ushindani ya 2003, kwamba inakataza kumpotosha mnunuzi, ubarikiwe sana. Nimehifadhi mazungumzo yote na picha ya ile karatasi yake.

Aliyeuliza angenunua nini kwa bajeti kama yangu: kama hufungwi na mizani ya marimba, tafuta Volca iliyo hai, zilipotoka zilikuwa dola 150 hivi, zina spika ndogo na betri, utajifunza filta kwa vidole vyako. Ujue tu ina MIDI ya kuingia, ya kutoka haina. Au S-1 ya Roland ya 2023, noti nne, betri yake ya kuchaji imo ndani. Na uwekapo chombo nyumbani huku pwani, kifunike, usikiache dirishani. Chumvi ya Mikindani imekula soketi za kipaza sauti changu ndani ya miaka miwili.

Muuzaji naye amepiga simu leo saa tisa. Anasema nirudishe boksi kwa gharama yangu, akiliona yuko tayari kunibadilishia, Monologue moja iliyotumika kweli ipo stoo. Nikamwomba video ikiwa inalia. Akasema betri hazipo dukani.

Nimekata tiketi ya Alhamisi. Mjomba amekubali kubaki hadi nirudi, na marimba ameiacha juu ya meza ya studio. Ndani ya begi nimeweka boksi la muuzaji, risiti yake ya kalamu, hedifoni zangu, na betri 6 za AA nilizonunua jioni hii sokoni.